Kumfuata Zawadi kule Arobaini na Nane

Wenzangu wa kwaya, tangu nirudi hamnipi pumzi. Nikienda kuteka maji, mnaniuliza, nikianika mihogo, mnaniuliza, hata Jumapili katikati ya maombi kuna mtu alinigusa bega akanong'ona, "Riziki, ulimukuta?" Jamani! Nimeamua kuandika, karatasi hizi zizunguke nyumba kwa nyumba, na mimi nipate nafasi ya kulima. Habari za kuomba ruhusa na mihuri ya maaskari ninaziruka, zinachosha hata kuzikumbuka.

Kwa wale waliohamia Makobola nyuma yetu, lazima nieleze kwanza. Sisi si wa pwani hii. Tulizaliwa kule uwanda wa Ruzizi, kwenye mji mdogo wa reli. Wazungu waliupa jina lao, lakini sisi tuliuita Arobaini na Nane, kwa kuwa ulikuwa kilometa ya arobaini na nane kutoka bandarini Kalundu. Baba alikuwa kapita, msimamizi wa watu wa njia, wale wanaokaza vyuma na kubadilisha mataruma. Treni ilipokufa, kabla ya uhuru, tulibaki palepale tukilima mpunga. Kisha maasi yakafika uwandani, kila mtu akafunga mzigo wake.

Siku hiyo ya kukimbia, mdogo wangu Zawadi alikuwa na surua. Alikuwa na miaka mitatu. Na mnajua tulivyolelewa: mtoto wa surua hatolewi kwenye upepo wala havushwi mto mpaka vipele vikauke. Ukimvusha, ugonjwa unarudi ndani na kumla. Kati ya Arobaini na Nane na ziwa, mito ni mingi. Jirani yetu Mama Vumilia, ambaye tuligawana naye ukuta mmoja wa nyumba za kambi, hakutaka kukimbia kwa sababu mume wake alikuwa hajarudi kutoka shamba. Akamwambia Mama, "Uniachie ye. Siku tatu vipele vitakauka, minye mwenyewe nitamuleta." Mama akamwacha.

Siku tatu! Barabara ikafungwa nyuma yetu. Baba akafa hapa kwa homa, mlimzika ninyi wenyewe. Miaka mitano ikapita, hatukumwona Zawadi wala kusikia jina lake. Mama hakuweka matanga, kwa kuwa huwezi kumlilia mtoto ambaye labda muda huu anacheza. Barabara ilipofunguliwa aliniita akasema, "Wende, Riziki. Kama iko muzima, uniletee ye. Kama alikufa, uniletee udongo ya kaburi, nilie niishe." Nikamwuliza kwa nini asiende mwenyewe. Akaunyosha mguu wake wa kushoto, ule unaovimba, akauangalia kama ndio uliopaswa kunijibu.

Makobola hadi Uvira

Nilitoka na kapu la ndagala kavu kichwani, zawadi ya Mama Vumilia kama yu hai. Ziwa lilikuwa kuume, milima kushoto, na mimi katikati nikijisemesha njia nzima. Nilikuwa ninapanga maneno. Kama ni mzima, nitamwambiaje? "Mimi ni dada yako." Nikaona hayatoshi. Kama amekufa, nitamwambiaje Mama? Hapo nikageukia wimbo wa kwaya, ile sauti ya pili ambayo mnasema huwa ninaipandisha mno. Hakukuwa na mtu wa kunikosoa.

Kwenye kizuizi kimoja askari alifungua kapu langu, akanusa, akaniuliza ninapeleka wapi samaki wengi hivyo. Nikamwambia ninakwenda kumtafuta mtoto wetu. Akafunga kapu taratibu. "Na minye wangu iko Kindu," akasema. "Pita, mama." Mpaka leo sijui kama mtu yule alikuwa mwema au alikuwa amechoka tu.

Uvira hadi mto Runingu

Uvira nilingoja lori siku mbili. Siku ya tatu nikapata moja linalopeleka chumvi Bukavu, nikapanda juu ya magunia. Upepo, jua, harufu ya mpunga mbichi! Wenzangu, nililia. Niliziba uso na kitenge, abiria wengine wakadhani ni vumbi.

Tukafika Runingu, tukakuta mbao za daraja zimeng'olewa na maji. Dereva alishuka, akatazama, akalala chini ya gari. Tukakaa pale kuanzia asubuhi mpaka kesho yake mchana. Na hapohapo, hatua chache juu ya mto, zimesimama nguzo za daraja la reli yetu. Vyuma vya juu vilikwisha kuchukuliwa, nguzo zikabaki peke yao. Baba alinivusha juu ya daraja lile nikiwa mdogo, tukirudi kutoka Kalundu kutazama meli. Alinifunika macho kwa kiganja ili nisiogope maji, nami nikachungulia kati ya vidole vyake.

Wakati tunangoja, akashuka mchungaji mmoja wa ng'ombe kutoka Rurambo, kule mlimani, mtu mrefu mpole, ana kibuyu cha maziwa. Kiu ilikuwa imenibana, nikamwomba. Akakubali, mara pua yake ikafika kwenye kapu langu la ndagala. Akarudi nyuma hatua mbili. Kumbe kwao mtu aliyekula samaki hagusi chombo cha maziwa, ng'ombe wanaweza kukauka. Mimi nikadhani ananidharau, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, wengine mtawasomea watoto. Hakukasirika. Aliniambia nishike kikombe changu mwenyewe nichuchumae, naye akamimina kutoka juu, mbali, bila kibuyu kugusa kitu. Nusu yaliniingia puani. Sote wawili tukacheka mpaka dereva akaamka.

"Unaenda wapi, mama?" mchungaji akaniuliza.

"Arobaini na Nane."

"Kwenye vyuma vya zamani? Kule bado kuna batu?"

Aliuliza hivyo tu, kama mtu anayeuliza njia. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimekaa miaka mitano nikiamini wapo.

Acha niwaambie tulivyokuwa. Wakati wa treni, Arobaini na Nane ilikuwa na safu mbili za nyumba za matofali na moja ya nyasi. Mkuu wa gare, yaani kituo, alitoka Kasai, fundi wa pampu Maniema, wengine ng'ambo ya Ruzizi, wengine Bafuliiru wa pale, na sisi Bavira wenye asili ya ziwani. Ukienda kuomba chumvi unasalimia kwa lugha tatu kabla ya kuipata. Halafu treni ikakatazwa, mkuu wa gare akarudi kwao, na nyasi zikaanza kuota kati ya mataruma. Uhuru ulipokaribia, yakaja maneno kwamba uhuru utarudisha treni. Nani aliyeyaleta? Hakuna aliyejua, na wote tuliyaamini. Mji mzima tukashika mapanga, tukafyeka njia wiki nzima, wanawake na watoto, tukasugua mchanga kwenye vyuma mpaka vikang'aa. Baba alivaa kofia yake ya kazi. Siku yenyewe ya uhuru tulisimama kwenye kituo na maua mkononi kuanzia alfajiri. Jua lilipokuwa kichwani, kikaja kigari kimoja kwa barabara, na mtu akashuka kuuliza kama chuma kile kinauzwa. Baba aliivua kofia pale pale. Sikumwona akiivaa tena.

Mahali nilipodhani nimefika

Daraja likatengenezwa kwa magogo, tukavuka, tukapita Sange. Sasa niwaambie upumbavu wangu, mcheke mmalize. Sisi watoto wa reli tulifundishwa kuamini namba. Mtu hakusema "karibu na ule mti", alisema "kwenye thelathini na tano". Na mji wetu sikuwahi kuufikia kwa barabara. Tulikuwa tunafika kwa njia ya reli, upande mwingine kabisa. Basi nikiwa juu ya magunia nikaona kando ya barabara kichuma chetu cha kuhesabia kilometa za reli, kile kifupi chenye rangi nyeupe, na namba yake: 48. Nikapiga kelele, "Simama! Nimefika!" Dereva akaniuliza mara mbili. Nikamkemea. Nikashushiwa kapu langu, lori likaondoka.

Nilikuta nyumba tatu, mbuzi, na mzee anayesuka kikapu. Mbuzi mmoja alikuwa amefungwa kwenye ile 48. Nikasalimu, nikauliza nyumba ya Mama Vumilia. Hamjui. Nikauliza kituo kiko wapi. Mzee akaweka kikapu chini.

"Mama, hapa si Arobaini na Nane."

"Baba, iko imeandikwa pale!"

Akaanza kucheka, akashika mbavu. "Ile chuma ni yangu! Niliing'oa kule, nikaibeba na kichwa, siku nzima. Iko nguvu kwa kufunga mbuzi." Akafuta machozi. "Weye ni mutoto ya reli. Banafikaga hapa kila mara, banabishana na minye ku mulango yangu. Munaamini namba kuliko macho."

Nilitaka kukasirika, lakini alimwita mkewe, wakaniletea bugali na sombe ya majani ya mihogo, na pilipili iliyonipiga kofi. Alinionyesha tuta la reli nyuma ya shamba lake. "Ufuate ile. Usiache. Jua halijashuka utafika."

Juu ya tuta

Vyuma havipo, mataruma hayapo. Kila kitu kimekuwa mlingoti wa mtu au daraja la mfereji wa mtu. Lakini tuta limebaki, limenyooka na juu yake nyasi zimekaa. Nilipopanda, miguu yangu ikaanza yenyewe kupiga hatua fupi fupi, zile za kuruka kutoka taruma hadi taruma. Mtu angeniona angesema nina kichaa. Nilitembea hivyo bila kujua kwa muda mrefu, na nilipojua sikuacha. Nilimtamani Baba vibaya sana. Nilitamani hata kelele za pampu.

Kwenye mwisho wa shamba la pamba lililoachwa nikamkuta mzee anafyeka nyasi juu ya tuta. Si shamba, si njia ya mtu, anafyeka tu tuta. Nikamjua kwa mgongo: Papa Ngoy, aliyekuwa akigeuza njia za treni pale kituoni, mtu wa Katanga aliyekataa kurudi kwao. Naye akanitambua kwa sauti.

"Mutoto ya kapita!" Akanishika mikono yote miwili. "Minye nilisema kapita atarudi."

Nikamwambia Baba amekufa. Akakaa chini. Baadaye akainuka, akabeba kapu langu, akaniingiza mjini akinieleza nyumba moja moja, maana ndivyo anavyoihesabu Arobaini na Nane kila siku ili asiipoteze. "Hii ya mukuu wa gare, sasa iko popo. Hii ya fundi ya pampu: alikufa kwa maasi, bibi yake alienda Luvungi. Hii ilichomwa. Hii ilichomwa. Hii ya ba Kasai, balienda mbele ya uhuru. Hii iko batu: bibi na watoto bane, balitoka mulimani. Hii yangu. Hii yenu, ukuta moja umeanguka." Nyumba zenye moshi zilikuwa sita. Nikawa ninamfuata sisikii tena, kwa kuwa nilikuwa ninangoja aseme ile iliyoshikana na yetu.

"Na hii ya Mama Vumilia," akasema. "Iko ye na mutoto wake Neema."

Neema, mtoto wa Mama Vumilia, mimi nilimjua. Alikuwa rika moja na Zawadi, waliugua surua pamoja. Basi, nikasema moyoni, Neema amepona na wetu amekufa. Nikaanza kutafuta kwa macho mahali penye udongo wa kuchukua.

Nyumbani kwa Mama Vumilia

Akatoka mtoto wa miaka minane, ana ungo wa mpunga. Akanisalimu kwa adabu. Na alikuwa na masikio ya baba yangu, yale yanayosimama, na kidole kidogo kilichopinda cha mama yangu. Nikaangusha kapu. Ndagala zikamwagika uwanjani kote, na kuku wa nyumba zote sita wakaja kusherehekea.

Mama Vumilia alitoka, akaniona, akashika mlango. Tukaangaliana. Kisha akamwambia mtoto, "Wende uteke maji, Neema," kwa sauti ya kawaida. Mtoto akaenda. Ndipo akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima aliyenifunga nepi.

Aliniambia yote tukiokota samaki kwenye mavumbi. Neema wake alikufa siku ya nne ya surua, Zawadi akapona. Mume hakurudi kutoka shamba, mpaka leo. Alimbeba Zawadi mara mbili kwenda Uvira, mara mbili akarudishwa kwenye vizuizi. Kisha maaskari wakaja kuhesabu watu, na amri ikawa kwamba mtoto asiye na mzazi wake pale anachukuliwa kupelekwa mbali. "Balinionyesha kidole: huyu ni wa nani? Nikasema ni wangu. Baliuliza jina. Kinywa changu kikasema Neema. Riziki, minye sikupanga. Jina la wangu lilikuwa karibu." Tangu siku hiyo akaendelea kumwita hivyo, akiogopa wasije wakarudi kuuliza. Na mtoto akasahau.

Nilikuwa na hasira, siwafichi. Nilitaka kumwuliza, na sisi? Na Mama anayesikiliza nyayo kila lori likisimama barabarani? Lakini nilipofungua kinywa nikaona ukutani, kwa makaa, urefu wa mtoto umechorwa kila mwaka, mstari juu ya mstari. Nikafunga kinywa. Tukapika ndagala zile na mchanga wake, tukala watatu, mimi nikiitwa "mugeni wa mama". Mtoto alinitazama meno nilivyotafuna. Akaniuliza kama ni kweli ziwa halina ng'ambo. Nikamwambia lina, ni Burundi. Akasikitika kidogo.

Nilikaa siku mbili nikipanga maneno. Asubuhi ya tatu Mama Vumilia mwenyewe akamwogesha, akamvika gauni la kanisani, akafunga nguo zake kwenye kitenge, akamkalisha mbele yetu. Papa Ngoy alikuwa mlangoni. "Minye si mama yako wa kuzaa," akamwambia. "Mama yako iko Makobola. Huyu ni dada yako. Jina lako ni Zawadi. Nilikudanganya." Hakulia. Aliyelia ni Papa Ngoy.

Mtoto alinitazama mimi, akamtazama Mama Vumilia, akalivuta gauni mpaka magotini.

"Aliniacha juu ya nini?"

Nikamweleza sababu: surua, upepo, mito. Nikamweleza siku tatu. Nilijieleza mpaka jasho likanitoka. Akaniuliza, "Na vipele vilikauka?"

"Vilikauka."

"Basi mbona hakukuja?"

Nikasema barabara, maaskari, Baba kufa, mguu wa Mama. Akasikiliza yote kama mtu mkubwa. Halafu akakifungua kile kitenge, akaanza kurudisha nguo zake kwenye kikapu, moja moja. "Minye siendi," akasema. "Yeye aliyeniacha ndo akuje."

Mama Vumilia akamkemea, akamwamrisha, akamwomba. Mtoto hakuinua hata kichwa. Nami sikuweza kumvuta mkono. Ningemvutaje? Alikuwa na haki, na mimi nilijua.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa nyepesi kwa gari na nzito kwangu. Daraja la Runingu lilikuwa zima, vizuizi vilikuwa vimelala, hakuna kilichonichelewesha, na kwa mara ya kwanza nilikuwa ninaomba kicheleweshaji. Nilishukia Uvira bila kulala. Kutoka pale hadi Makobola nilitembea polepole hata kuku walinipita.

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Aliitazama mikono yangu: haina mtoto, haina udongo. Nikaketi chini nikamwambia yote, na yale maneno ya mtoto nikayasema kama yalivyo, sikuyalainisha. Niliposema "mbona hakukuja," Mama alifumba macho.

Alikaa hivyo mpaka chungu kikaungua motoni. Kisha akasema, "Ile mguu haiumagi sana, Riziki. Barabara ilifunguka, minye nikatuma weye. Nilikuwa naogopa macho ya mutoto." Mimi siku zote nilidhani ni mguu. Kumbe ni aibu.

Kesho yake alfajiri nikamkuta anakunja mkeka. Nikamwambia angoje niende naye. Akakataa, alisema aliyeitwa ni mmoja. Aliweka jembe, mbegu za maharage, na kitenge kimoja cha heshima, akaniachia nyumba na vitanda vitatu. Nilimsindikiza mpaka kwenye kituo cha malori. Alipopanda hakuchechemea.

Wiki iliyopita dereva mmoja wa chumvi aliniletea habari zake. Ameujenga tena ule ukuta wetu ulioanguka, Papa Ngoy alimsaidia. Nyumba zenye moshi sasa ni saba. Mtoto anamwita Mama Vumilia "mama", na mama aliyemzaa anamwita "bibi wa ziwani", na kila jioni anakuja kusimama penye mlango wake, haingii, anamtazama akipika, anaondoka. Nilimwuliza dereva Mama anarudi lini. Akasema alimwuliza hilohilo, naye akamjibu, "Muambie Riziki asinihesabie siku. Mutoto haina haraka. Minye ndo nilichelewa."